Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Kufundisha Kiingereza Thailand na Kurudi Nyumbani

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Maswali yanayonifikia kwenye simu ni yale yale. Nusu yanatoka kwa walimu wanaotaka kuja, nusu kwa ndugu wanaotaka kujua narudi lini. Nimeyaweka pamoja kwa sababu majibu yake hayatenganiki: mkataba unaosaini huku ndio unaoamua utamwona mama yako mwezi gani.

Thailand ndiyo Taiwan?

Siyo. Taiwan ni kisiwa kilicho jirani na China. Thailand imepakana na Myanmar, Laos, Kambodia na Malaysia, na mji wake mkuu ni Bangkok. Shangazi yangu bado anawaambia majirani niko China, nami nimeacha kubishana naye. Huku nako wapo wanaoniuliza kama Tanzania ni jimbo la Afrika Kusini, kwa hiyo tuko sare. Wasiouliza ni wafanyabiashara wa vito wa Bangkok na Chanthaburi. Hao ukiwatajia Tunduru na Songea wanakuitikia, maana wanunuzi wa Kithai walifika kule kwa wingi miaka ya 1990 wakifuata yakuti.

Mwafrika anaweza kweli kuajiriwa kufundisha Kiingereza? Si wanataka Wazungu?

Wanataka Wazungu, na wanatuajiri sisi. Yote mawili ni kweli.

Matangazo mengi ya kazi yanataka mtu mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Lakini nchi ina shule nyingi, na hasa mikoani hao hawatoshi wala hawakai. Wafilipino wamejaa kwenye kazi hii, na Wakameruni, Wakenya, Waganda na Watanzania tupo. Anayetoka nje ya zile nchi saba huombwa athibitishe Kiingereza chake kwa mtihani, na unaotumika sana hapa ni TOEIC. Mtihani wenyewe si mgumu kwa mtu aliyemaliza chuo kikuu kwetu. Kinachouma ni kuulipia huku mwenzako wa Manchester asiyejua kitenzi ni nini haulizwi chochote.

Nina maoni yangu hapa na sitayaficha. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza siku moja nikakuta bayolojia, historia na hesabu zote ziko kwa Kiingereza. Najua hasa mtoto anavyojisikia mwalimu anapozungumza dakika arobaini na yeye akaambulia maneno sita. Najua pia ngazi aliyopandia, kwa sababu nimeipanda. Mwanafunzi wangu anapotamka neno bila konsonanti ya mwisho, au anapochanganya R na L, sishangai wala sicheki. Nimetoka kwenye nchi ambako nusu ya darasa ilikuwa ikisumbuliwa na R na L hizo hizo. Mtu aliyezaliwa na lugha ana lafudhi nzuri, hilo simnyang'anyi. Ila hana kumbukumbu ya kuikosa.

Soko halilipi kumbukumbu hiyo, na ndiyo sababu swali la mshahara nimelipa nafasi yake huko chini.

Makaratasi gani yanahitajika?

Shahada ya kwanza, iwe ya ualimu au nyingine. Nakala ya matokeo ya chuo. Cheti cha polisi cha tabia njema. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Vyote vipitishwe Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako vigongwe muhuri kabla hujaondoka, maana kuvifuatilia ukiwa huku ni kumpa kazi mdogo wako asiyejua hata dirisha la kuanzia.

Ukishapata shule, shule inakupa barua za kuombea viza ya Non-Immigrant B, ile ya kufanya kazi. Siku hizi maombi hufanywa mtandaoni, na kwetu Afrika Mashariki yanaangukia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ukifika unashughulikiwa kibali cha kazi, kisha viza inaongezwa kufuata mkataba kwa ada ya baht 1,900. Kama shahada yako si ya ualimu, shule inakuombea ruhusa ya muda kutoka Khurusapha, baraza la walimu la Thailand. Ruhusa hiyo ni ya miaka miwili na ina ukomo wa mara unazoweza kuipata, kwa hiyo mwenye shahada ya ualimu ana amani zaidi.

Na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand inaidai kwa watu wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wapo waliozuiwa kupanda ndege Dar kwa ajili ya kijikaratasi hicho. Tangu Mei 1, 2025 kuna pia fomu ya kuingia nchini inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokutoza pesa kwa fomu hiyo ni ya matapeli.

Nije tu na viza ya utalii, kazi nitaitafuta huko huko?

Kuja kutazama shule siyo kosa. Kuingia darasani bila kibali cha kazi ni kosa la jinai: faini ni baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na kwa miaka miwili hupewi kibali. Viza ikiisha ukabaki, ni baht 500 kila siku hadi zifike 20,000. Kuna wakala atakayekuambia "anza tu, karatasi zitafuata". Karatasi za mtu wa namna hiyo hazifuati.

Lakini lipo la hatari kuliko faini. Tangu mwaka 2022 vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na kwetu pia wamekuwa wakidanganywa kwa ajira nono za Thailand: ualimu, huduma kwa wateja, uingizaji wa data. Wakitua Bangkok wanapandishwa gari hadi Mae Sot, mpakani, wanavushwa mto hadi upande wa Myawaddy nchini Myanmar, na huko wanafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mapema mwaka 2025 maelfu walitolewa humo, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo shika hili: shule ina jina, ina anwani, ina picha za wanafunzi wakiwa mstarini, na mkuu wa idara anaweza kuzungumza nawe kwa video. Asiyeweza kukuonyesha hivyo, anayekulipia tiketi kwa haraka na kukutaka usiwaambie watu wako, mkatie simu.

Mshahara ni kiasi gani?

Kwa mwalimu Mwafrika mikoani, kupitia wakala, ninazoziona ni baht 18,000 hadi 25,000 kwa mwezi. Wachache walioajiriwa na shule moja kwa moja, au wanaofundisha sayansi na hesabu kwa Kiingereza, wanapata zaidi. Mzungu kwa kazi ile ile huanzia 30,000 na kuendelea. Baht moja ni kama shilingi 4 za Kenya, au 75 hivi za Tanzania, na bei hupanda na kushuka.

Chumba chenye bafu lake Khon Kaen ni baht 3,000 hadi 4,500. Sahani ya chakula ni 50 au 60. Pikipiki ya kukodi kwa mwezi inaanzia kama 2,500. Kwa maisha ya mwalimu asiye na makuu, pesa inatosha na inabaki. Ukishakatwa bima ya jamii unapewa hospitali moja ya kutibiwa, na hilo limewahi kuniondolea mzigo mkubwa.

Sasa sikiliza hili, ndipo wengi wanapopigwa. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi. Wakala wengi wanatoa mkataba wa miezi kumi au kumi na mmoja, maana yake likizo kubwa ya Machi na Aprili hulipwi. Mimi nilifanya kazi kwa wakala mmoja ambaye mshahara wa Oktoba, mwezi wa likizo fupi, aliukata nusu, na maelezo yake yalikuwa kwenye kurasa za Kithai za mkataba. Baht 22,000 kwa miezi kumi na miwili ni bora kuliko 25,000 kwa miezi kumi. Piga hesabu kwa mwaka mzima, kisha toa tiketi ya kwenda nyumbani. Kinachobaki ndicho mshahara wako.

Siku ya kazi ikoje?

Saa moja na nusu asubuhi niko getini ikiwa ni zamu yangu, nawapokea wanafunzi. Saa mbili kamili ni bendera na wimbo wa taifa, kisha sala ya Kibudha na matangazo, jua likiwa kichwani. Aliyepita shule za Tanzania atajisikia nyumbani kabisa kwenye mstari ule, kasoro viboko. Vipindi ni vya dakika hamsini, na kwa wiki nafundisha kama ishirini. Darasa lina watoto arobaini na kitu. Kwa sababu sekondari yao ina madarasa sita, Matthayom 1 hadi 6, mimi nayaita kidato cha kwanza hadi cha sita na hakuna kinachoharibika.

Tunaondoka saa kumi na nusu jioni kwa kuweka alama ya kidole kwenye mashine. Lakini kazi haiishii hapo, kwa sababu kila kitu kinatangazwa kwenye kundi la LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp, kwa Kithai, mara nyingi usiku. Unaamka asubuhi unakuta kesho ndiyo leo: vipindi vimefutwa, kuna mashindano ya michezo, na wewe ni mshereheshaji wa sehemu ya Kiingereza. Anayependa ratiba isiyoyumba atateseka hapa.

Jambo jingine ni kwamba mwanafunzi karibu hafeli. Asiyefaulu anapewa kazi ya ziada mpaka afaulu, na kazi hiyo unaitunga wewe. Nilibishana nalo mwanzoni. Sasa natunga kazi ya ziada yenye maana, ya kuja kuzungumza nami ana kwa ana, na baadhi ya wavivu wameanza kuzungumza kupitia adhabu hiyo.

Wanafunzi wana heshima?

Wana heshima na wana kelele. Mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa, kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo hahitaji kufundishwa mantiki yake. Ila usimwamkie mtoto wewe kwanza, atababaika. Usimguse kichwani hata kwa upendo. Viatu vinaachwa nje ya vyumba vingi.

Juni kuna sherehe ya kuwaheshimu walimu, inaitwa Wai Khru. Wanafunzi wanakuja kwa magoti wakiwa na maua waliyoyapanga wenyewe, wanainama mbele yako. Mara ya kwanza sikujua niangalie wapi. Nilitoka kwenye nchi ambako mwalimu ni wa kutaniwa kwa umaskini wake, nikakuta mtoto wa daktari amepiga magoti mbele yangu.

Majina yao ya darasani ni ya nyumbani, mafupi, na mengine ni maneno ya Kiingereza: nina Bank, nina Ice, nina Beer. Huyo Beer ndiye mpole kuliko wote.

Ubaguzi upo?

Upo, na una sura mbili. Ya kwanza ni ya udadisi: watoto wanataka kugusa nywele, bibi sokoni anaweka mkono wake kando ya wangu na kucheka rangi. Duka la dawa lina rafu nzima ya mafuta ya kung'arisha ngozi, na hapo unaelewa kwamba Wathai weusi wa mashambani wameanza kusemwa kabla yako. Isaan, eneo hili nilipo, ndilo linalodharauliwa na watu wa Bangkok kwa lugha yao, kazi zao na ngozi zao. Huenda ndiyo sababu tunapatana.

Sura ya pili ni ya pesa na matangazo ya kazi, nimeshaisema. Hiyo haina ucheshi.

Unakula nini huko? Ugali unapatikana?

Mama yangu huuliza hili kabla ya salamu. Nakula vizuri, mama.

Mtu wa Tanga hawezi kulala njaa kwenye nchi inayopikia tui la nazi. Samaki wapo, wali upo, kuku wa kuchoma yuko kila kona, na watu wa Isaan wanakula kwa mkono: wanafinyanga tonge la wali wa kunata, wanachovya kwenye pilipili. Papai bichi wanalitwanga kwenye kinu likawa kachumbari. Mchicha upo sokoni. Waislamu wanauza wali wa manjano na kuku, khao mok kai, ambao ni biriani iliyosafiri. Kwa Mwislamu, nembo ya halali imechapishwa kwenye bidhaa nyingi za madukani, ila kwenye vibanda vya mitaani nguruwe yumo kwenye karibu kila kitu, kwa hiyo jifunze kusema "mai sai mu", yaani usitie nguruwe, kabla hujajifunza kuhesabu.

Ugali ndio shida. Bangkok, maeneo ya Nana na Pratunam wanakokaa Waafrika wengi, unga unapatikana kwa bei ya kuumiza. Huku mikoani tunasonga semolina. Inasongeka, inashibisha, na dagaa wa kuletwa kutoka nyumbani wakiwepo hutajali sana.

Kithai umejifunza?

Cha sokoni na cha kugombeza darasa. Kilichonipa raha ni saa zao za mazungumzo: usiku wanahesabu kama sisi. Saa moja usiku ni ya kwanza, saa mbili ni ya pili. Wazungu ofisini wanaumwa kichwa na mpango huo, mimi nilielewa siku ile ile. Miaka yao nayo iko mbele kwa 543, hivyo 2025 kwenye daftari la mahudhurio ni 2568.

Tukupigie saa ngapi?

Niko mbele yenu kwa saa nne. Nikitoka kazini saa kumi na nusu jioni, kwenu ni saa sita na nusu mchana. Ndugu zangu mnaopiga saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, mjue mnaniamsha saa saba.

Unarudi lini?

Mwisho wa Machi au Aprili, kama mkataba umeruhusu na tiketi haijapanda. Oktoba kuna likizo ya wiki mbili tatu, lakini ukitoa siku za njiani hubaki na kitu. Desemba, ambayo nyumbani ndiyo ya kukutana, huku ni katikati ya muhula. Krismasi ni siku ya kazi. Tunavaa kofia nyekundu na kugawa pipi, kisha tunarudi darasani.

Kwa hiyo narudi wakati wa masika. Nguo hazikauki, barabara ya kwenda shambani kwa bibi haipitiki, na harusi zote zilishafanyika. Embe za Tanga zinaiva Desemba nikiwa darasani Khon Kaen, za Thailand zinaiva Aprili nikiwa Tanga. Faida moja kwa miaka hii ilikuwa Idi. Mwaka 2024 Idi el-Fitri iliangukia Aprili 10, nikaswali uwanjani na kaka zangu. Lakini kila mwaka inarudi nyuma siku kumi hivi, na sasa inaelekea kutoka nje ya likizo yangu kwa miaka mingi.

Walimu wenzangu wa Kithai wananielewa kuliko wageni wenzangu. Nao Aprili 13 hadi 15, kwenye mwaka mpya wao wa Songkran, nusu ya Bangkok inahamia mikoani kwa wazazi. Mabasi yanajaa, barabara inasimama. Wanawamwagia wazee maji ya manukato mikononi na kuomba baraka. Hakuna mwalimu huku aliyewahi kuniuliza kwa nini natumia mshahara wa mwezi mzima kwenda kumwona mama.

Unapita njia gani, na inagharimu kiasi gani?

Khon Kaen hadi Bangkok ni kama kilomita 450. Basi linachukua saa sita au saba, ndege chini ya saa moja. Kutoka Bangkok unaweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, Nairobi kwa Kenya Airways, au Doha na Dubai kwa zile za Ghuba. Kisha Dar, kisha basi kupitia Chalinze na Segera hadi Tanga. Mlango hadi mlango, ni zaidi ya siku nzima na kichwa kinabaki hewani siku mbili nyingine.

Tiketi ya kwenda na kurudi mara nyingi inakula mshahara wa mwezi, na Aprili zaidi. Mimi nainunua mapema, Novemba au Desemba, baada tu ya kuhakikisha tarehe ya mwisho ya kazi kwa maandishi. Angalia uzito wa mizigo kabla ya bei. Mabegi mawili ya kilo 23 yana thamani kuliko punguzo la baht 2,000.

Ni kweli mtu anaweza kwenda likizo akapoteza viza?

Kweli kabisa. Ukitoka Thailand bila kibali cha kuingia tena, muda wako wa kuishi unafutika pale pale uwanja wa ndege, hata kama ulibaki na miezi minane. Unarudi kuanza upya, na kibali cha kazi kinaingia matatani nacho.

Kibali cha kuingia mara moja ni baht 1,000, cha mara nyingi ni 3,800. Kinapatikana ofisi ya uhamiaji ya mkoa, na uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, pia wana dirisha lake kabla hujagongewa muhuri wa kutoka. Usitegemee la uwanjani ukiwa umechelewa. Mimi nakata cha mara nyingi, na sababu yake utaiona kwenye swali la msiba.

Ukirudi, baadhi ya ofisi za uhamiaji humtaka mwenye nyumba wako awaarifu ndani ya saa 24 kwamba umefika. Wengi wanasahau, kwa hiyo mkumbushe wewe. Na ile taarifa ya makazi ambayo mgeni huipeleka uhamiaji kila siku 90 inaanza kuhesabiwa upya tangu ulipoingia.

Umetuletea nini?

Balm za kuchua na vichupa vya kunusa, maana wazee wanavigombania. Nguo za watoto. Embe kavu. Vitenge hamna, msiulize. Simu sileti, bei yake huku si ndogo kama mnavyodhani. Sanamu za Buddha usinunue kama pambo: kuzitoa nchini kunahitaji kibali cha idara yao ya sanaa, na kwa wenyeji si pambo.

Kurudi huku nabeba dagaa, majani ya chai, viungo vya pilau, na kanga kwa walimu wenzangu. Mwalimu mmoja wa hesabu aliifanya kanga yake pazia la ofisini. Kila anayeingia ananiuliza imeandikwa nini.

Kwa nini mchango wako wa harusi ni mdogo hivyo?

Nimeweka swali hili hapa ili nisilijibu tena kwenye kundi la familia.

Kamati ikikaa, jina langu linaandikwa kwenye safu ya walio nje, na safu hiyo ina kiwango chake. Anayekipanga hajui kama Aprili nililipwa au sikulipwa. Mimi nimejiwekea fungu la mwaka kwa michango yote: harusi, sendofu, ubatizo wa jirani, hitima. Likiisha Agosti, limeisha Agosti. Ada za shule za wadogo na dawa za mama zina fungu lao na haligusiki. Mwalimu anayekuja huku bila kupanga hivi atafundisha miaka mitano na kurudi na begi lile lile. Mjomba wangu alinuna mwaka mzima. Kisha akaja kunikopa, tukazungumza, yakaisha.

Likitokea la kutokea nyumbani, unafanyaje?

Sisi tunazika siku hiyo hiyo au kesho yake. Kutoka Khon Kaen huwezi kuwahi, hata tiketi ikipatikana saa ile ile. Hilo ulikubali kabla hujapanda ndege ya kwanza, na uwaambie wazazi wako kwa mdomo wako mwenyewe, wasije wakasubiri. Baba mdogo alipofariki nilisimama na simu nyuma ya maktaba ya shule, kaka yangu ameinua yake juu ili nione, na mtandao ukakatika katikati ya dua. Nilifika kwenye arobaini.

Ndiyo maana nina akiba ya tiketi ya kwenda tu, ambayo haijawahi kutumika kwa harusi ya mtu. Ndiyo maana nina kibali cha kuingia mara nyingi. Na katika mkataba wangu niliomba siku za msiba ziandikwe, zenye malipo, hata kama ni chache. Shule nyingi zinakubali ukiuliza kabla ya kusaini.

Ukifika nyumbani unapumzika?

Wiki ya kwanza ni ya kuzunguka: ukianza kwa shangazi wa Pongwe kabla ya yule wa Muheza, utasikia. Wiki ya pili wanakuja wagonjwa, wenye ada, na kijana mwenye wazo la kufuga kuku. Ya tatu ndiyo yangu. Nakaa barazani na mama, tunachambua mchele, hakuna anayeniuliza kuhusu Thailand kwa sababu wameshachoka nayo. Nikiweza kukaa wiki nne nakaa nne, kwa ajili ya hiyo moja.

Nilichokigundua ni kwamba Kiswahili changu hakijapungua, bali taarifa ndizo zimepungua. Sijui nani amehama, nani haongei na nani. Mdogo wangu hunipa muhtasari kwenye bajaji kutoka stendi, nisije nikamsalimia mke wa zamani mbele ya mke mpya.

Unaweza kunitafutia nafasi shuleni kwenu?

Naweza kupeleka wasifu wako, siwezi kukuahidi. Shule zinatafuta walimu Februari hadi Aprili kwa ajili ya Mei, na Septemba kwa ajili ya muhula wa pili unaoanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba mwanzoni. Nitumie wasifu wa kurasa mbili, picha uliyovaa nadhifu, nakala ya shahada, matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na video ya dakika mbili ukifundisha watoto halisi, hata kama ni wa madrasa au wa shule ya Jumapili. Usinitumie pesa. Anayekuomba pesa kwa jina langu si mimi.